Ukikata Miaka Unajifungia Mlango: Sheria ya Umri ya NBA na Madogo Wetu wa Kikapu

Huku Nduruma, bondeni, Mlima Meru tunauona vizuri kuliko watu wa mjini wanaoishi miguuni pake.

Leo naomba tuongelee kikapu. Najua wengi humu ni watu wa Simba na Yanga, lakini vumilieni kidogo, maana kuna maneno yanazunguka mitaani na yanaweza kumharibia dogo maisha. Maneno yenyewe ni haya: dogo akionekana mrefu, tuseme kagusa futi 6 na inchi 7 na bado yuko kidato cha tatu, anatokea mtu mzima na kumwambia, "Punguza miaka miwili kwenye cheti, mimi nina watu Marekani, utachukuliwa." Wengine wanaitwa makocha, wengine wanajiita mawakala, wengine ni wajomba tu wenye nia njema. Wote wanafikiria kikapu ni kama mpira wa miguu wa vijana, kwamba ukionekana mdogo ndio unapata nafasi.

Sio hivyo. Kwenye kikapu cha Marekani kuna sheria ya umri ambayo haikuulizi kama umezidi, inakuuliza kama umefika. Na hiyo sheria ndiyo iliyovifanya vyuo vya Marekani viwe jinsi vilivyo, na sasa hivi vyuo vyenyewe vinabadilika kwa kasi. Dogo wa Nduruma anayeota kwenda kucheza chuo majuu inabidi aelewe mchezo mzima unavyokwenda, la sivyo atakuwa anakimbilia basi lililoshaondoka.

Tuanze na sheria yenyewe. NBA inapata wachezaji wapya kila mwaka kwa njia ya drafti, yaani timu zinachagua kwa zamu. Tangu drafti ya 2006, mchezaji haruhusiwi kuchaguliwa mpaka awe anafikisha miaka 19 ndani ya mwaka huo wa drafti. Kama alisoma sekondari Marekani kuna sharti la pili: lazima msimu mmoja wa NBA uwe umepita tangu darasa lake lilipohitimu. Kwa sisi wa nje, yaani mtu ambaye hakumaliza sekondari Marekani wala hakujiunga na chuo cha huko, anaweza kujiandikisha mwenyewe kuanzia mwaka anaofikisha 19, na mwaka anaofikisha 22 anaingia kwenye drafti moja kwa moja hata kama hajaomba.

Sasa piga hesabu. Dogo kazaliwa 2007. Anafikisha 19 mwaka 2026, kwa hiyo drafti ya 2026 inamhusu. Mjomba anampeleka kuandikisha cheti kipya, kazaliwa 2009. Drafti ya kwanza inayomruhusu sasa ni ya 2028. Miaka miwili imeyeyuka hivi hivi, na magoti yake hayakuambiwa kwamba yamerudishwa nyuma. Na ukishapata pasipoti kwa tarehe hiyo ya uongo, kuibadilisha baadaye ni kesi nyingine kabisa.

Jinsi tarehe inavyobana, angalia Cooper Flagg, yule mzungu wa Duke aliyechaguliwa namba 1 mwaka 2025. Kazaliwa tarehe 21 Desemba 2006. Angechelewa kuzaliwa siku 11 tu, angekuwa wa 2007, na angelazimika kusubiri mpaka 2026. Siku 11, jamani!

Kwa nini waliweka sheria hii? Zamani mambo yalikuwa makali zaidi. Mchezaji alitakiwa asubiri miaka minne tangu amalize sekondari. Spencer Haywood akaenda mahakamani, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikasimama upande wake. Baada ya hapo mlango ukaanza kufunguka. Kevin Garnett akatoka sekondari moja kwa moja mwaka 1995, Kobe Bryant 1996, LeBron James 2003. Kati ya 1995 na 2005 karibu vijana 40 walichaguliwa bila kugusa chuo. Wapo waliotoboa kama hao, na wapo waliopotea kabisa. Kamishna wa wakati huo, David Stern, alitaka umri uwe 20. Chama cha wachezaji kikakataa, wakakutana katikati kwenye 19, na ikaandikwa kwenye mkataba wa mwaka 2005.

Maelezo rasmi yalikuwa kwamba vijana wanahitaji kukomaa. Mimi naona ilikuwa zaidi ni kuwalinda matajiri wenye timu wasinunue mbuzi kwenye gunia. Chuo kinamchezesha dogo mwaka mzima kwenye televisheni, mbele ya watu, dhidi ya wanaume wenzake, halafu timu ya NBA inachagua kitu ilichokiona. Na gharama ya kumwangalia inabebwa na chuo. Mchongo mzuri sana kwa NBA.

Vyuo navyo havikulalamika sana, maana vilipata mastaa wa bure. Ndio ukazaliwa ule mtindo wa mwaka mmoja na kuondoka: dogo anaingia chuo Agosti, anacheza mpaka Machi au Aprili, Juni anachaguliwa NBA. Greg Oden na Kevin Durant walifungua njia mwaka 2007, namba 1 na namba 2. Masomo? Tusidanganyane. Chuo kikawa kama stendi, watu wanasubiri basi tu.

Sasa tuje nyumbani. Mtanzania wa kwanza kufika NBA, Hasheem Thabeet, alipita katikati ya sheria hii ikiwa bado mpya kabisa. Kijana wa Dar, kazaliwa Februari 1987, futi 7 na inchi 3, alianza kucheza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa. Akaenda kumalizia sekondari Houston, Texas, halafu mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Yaani mwaka ule ule sheria ilipoanza kufanya kazi. Kisheria angeweza kuondoka baada ya msimu mmoja. Akakaa mitatu.

Na ile miaka mitatu haikuwa ya kusubiri basi. Mwaka wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi, akatajwa beki bora wa ligi yao mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, na Connecticut wakafika nne bora za Marekani. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2. Nyuma yake aliachwa James Harden namba 3 na Stephen Curry namba 7. Wadau wenye umri wangu mnakumbuka siku ile, hata watu ambao hawajawahi kushika mpira wa kikapu walikuwa wanaongea "Hasheem, Hasheem".

NBA haikumwendea vizuri. Februari 2010 Memphis wakampeleka ligi ya chini kwa muda, na hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa amewahi kushushwa kabla yake. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City, baadaye akacheza Japani na Taiwan. Watu wengi hapa Bongo huwa wanamcheka. Mimi sicheki. Mtu aliyeanza mchezo amechelewa, akafika namba 2 ya dunia nzima, huyo ni ushahidi kwamba chuo kilikuwa kinafanya kazi kwa watu wetu: kilikuwa tayari kumchukua kijana mrefu asiyejua vitu vingi, kikamlea miaka mitatu. Hilo la kulea ndilo nataka mlishike, maana nitalirudia.

Kabla ya hapo niwape kichekesho chenye mafunzo. Manute Bol wa Sudan, kutoka upande ambao leo ni Sudan Kusini, futi 7 na inchi 7. Mwaka 1983 San Diego Clippers wakamchagua kwenye drafti. NBA wakalifuta lile chaguo kwa sababu hakuwa amejiandikisha kwa wakati, na pasipoti yake ilionyesha ana miaka 19, umri ambao kwa taratibu za siku zile ulikuwa mdogo. Pasipoti hiyo hiyo iliandika urefu wake ni futi 5 na inchi 2. Alieleza kwamba walimpima akiwa amekaa. Msicheke sana, sisi wenyewe ofisi zetu tunazijua.

Bol ikabidi aende chuo. Akacheza msimu mmoja Chuo Kikuu cha Bridgeport, 1984 mpaka 1985, halafu Washington Bullets wakamchukua. Miaka mingi baadaye, Bol akiwa ameshafariki, kocha mmoja wa chuo alisema hadharani kwamba tarehe ya kuzaliwa iliyotumika Marekani aliibuni yeye, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaijua ya kweli. Dunia ya 1983 iliruhusu hayo. Karatasi ilikuwa karatasi tu, hakuna kompyuta inayoongea na kompyuta nyingine.

Ya sasa hivi hairuhusu. Mwaka 2016 kule Windsor, Ontario, Kanada, kijana mmoja kutoka Sudan Kusini alikuwa anachezea timu ya shule ya sekondari, akisoma na watoto wa miaka 16 na 17, anaishi nyumbani kwa kocha wake. Akaomba visa ya kuingia Marekani. Alama za vidole zikagoma kukaa kimya: zililingana na za mtu aliyewahi kutuma maombi zamani akiwa ameandika kazaliwa mwaka 1986. Akakamatwa na uhamiaji. Hakuwa mwizi, hakuwa jambazi, alikuwa anatafuta maisha kama sisi. Lakini ndoto iliishia pale pale.

Na sisi Tanzania tusijifanye hatujui. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima ya watoto ikabaki nyumbani kwa sababu ya karatasi moja.

Haya, turudi kwenye vyuo, maana hapa ndipo mambo yamegeuka.

Kwa miaka karibu 15 watu walikuwa wanasubiri sheria ya miaka 19 ifutwe. Septemba 2017 FBI waliibua kashfa ya rushwa kwenye kikapu cha vyuo, makocha na kampuni za viatu wakahusishwa na pesa za chini ya meza kwa familia za wachezaji. Ikaundwa tume chini ya Condoleezza Rice, na Aprili 2018 ikasema wazi: vijana waruhusiwe kwenda NBA kutoka sekondari. Wengi tukajua imekwisha hiyo. Lakini mkataba mpya wa NBA wa mwaka 2023 ulipotoka, sheria ya 19 ilikuwa bado ipo pale pale.

Kilichobadilika ni pesa. Kuanzia Julai 2021 wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina lao na sura yao kwenye matangazo. Halafu Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano yanayoruhusu chuo chenyewe kugawana mapato na wanamichezo, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa msimu wa kwanza, michezo yote ikiwemo. Mchezaji mzuri wa kikapu kwenye chuo kikubwa sasa anaweza kulipwa zaidi ya mtu aliyechaguliwa mwishoni mwa drafti.

Umeona kilichotokea? Ile stendi imekuwa hoteli. Zamani mtu alikuwa anakimbia chuo haraka kwa sababu hakulipwa. Sasa anayejua hatachaguliwa mapema anabaki, mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, anahama chuo kimoja kwenda kingine kila mwaka kutafuta dau kubwa. NBA wenyewe walikuwa wameanzisha timu ya kuwalipa vijana wa miaka 18 wasiotaka chuo, iliitwa G League Ignite, mwaka 2020. Mwaka 2024 wakaifunga. Haikuwa na kazi tena, chuo kinalipa vizuri zaidi.

Na wachezaji waliokomaa wakaanza kurudi chuoni. Thierry Darlan wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliyepita akademi ya NBA kule Senegal na kucheza ligi ya chini ya NBA kwa kulipwa, akaruhusiwa mwaka 2025 kujiunga na Santa Clara. Halafu ikaja bomu la Krismasi: Desemba 2025 Baylor wakamsajili katikati ya msimu James Nnaji, Mnigeria wa miaka 21, ambaye alishachaguliwa kwenye drafti ya NBA namba 31 mwaka 2023 na amecheza Barcelona. Akapewa ruhusa ya kucheza chuo miaka minne. Makocha wakubwa wakapiga kelele, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikatoka kusema aliyewahi kusaini mkataba wa NBA hataruhusiwa. Nnaji hakuwahi kusaini, kwa hiyo akapita.

Kuna waliofurahi wakasema, safi, Waafrika tunafunguliwa milango. Mimi nina wasiwasi. Jiweke kwenye viatu vya kocha. Una nafasi 15 kwenye timu, una pesa, na usipofika mashindano ya Machi unafukuzwa kazi. Mbele yako kuna watu wawili. Mmoja ni mwanaume wa miaka 21 au 22, kashacheza Ulaya na watu wazima, mwili umejaa. Mwingine ni dogo wa futi 6 na inchi 10 kutoka Nduruma, kaanza kikapu miaka miwili iliyopita, mkono mzuri, hajui kujipanga ulinzi, Kiingereza cha kubabia. Mwaka 2006 kocha wa Connecticut alimchukua wa pili, akamlea. Leo atamchukua nani? Na hata akimlea, dogo akishajua kucheza anahamishwa na chuo chenye pesa zaidi. Kocha anajua hilo, kwa hiyo kulea kunapungua hamu.

Ndio maana nasema sheria ya umri ya NBA imebaki ile ile lakini maana yake kwetu imegeuka. Zamani ilimlazimisha dogo mwenye kipaji kupita chuoni, na chuo kilikuwa na subira. Sasa chuo kinataka mtu aliyeiva. Kuiva kwenyewe inabidi kufanyike kwingine, mapema, kabla ya miaka 18.

Mfano hai wa njia hiyo ni Khaman Maluach. Kazaliwa Rumbek, Sudan Kusini, Septemba 2006, akakulia Kampala maeneo ya Kawempe. Amesimulia jinsi mtu mmoja kwenye pikipiki alivyomwona barabarani akamwambia wewe kwa urefu huo cheza kikapu. Ilikuwa 2019, ana miaka 12 au 13. Mazoezi ya kwanza alivaa Crocs kwa sababu viatu vya saizi yake havikuwepo. Baadaye akaingia akademi ya NBA Senegal, akacheza ligi ya Afrika, BAL, ambayo ina utaratibu wa kuziwekea timu vijana wa akademi ile. Mwaka 2024 alikuwa na City Oilers ya Uganda. Mwaka huo huo akacheza Olimpiki Paris akiwa na miaka 17, akaenda Duke, na Juni 2025 akachaguliwa namba 10, akaishia Phoenix Suns. Mwaka mmoja tu chuoni, kwa sababu mwaka 2024 alikuwa anafikisha 18, sheria ilimkatalia, na 2025 alikuwa anafikisha 19, sheria ikamruhusu.

Hebu linganisha na Thabeet. Thabeet alikwenda kuivia chuoni. Maluach alifika Duke ameshaiva nusu, kaivia Afrika. Watanzania tunaweza kuivia hapa? Dar kidogo kuna matumaini, kuna ligi ya mkoa yenye watazamaji, na Dar City wamefuzu BAL ya 2026, timu ya kwanza ya Tanzania kufanya hivyo. Arusha mjini kuna viwanja na vijana wanajituma. Nduruma? Ukipata ringi iliyochomelewa juu ya nguzo kwenye uwanja wa udongo umshukuru mwalimu wa michezo. Kwenye UMISSETA ndio dogo anaonekana mara moja kwa mwaka, kama shule yake ina timu.

Sasa kuna saa nyingine inayotembea ambayo mawakala wa mtaani hawaitaji kabisa, labda hata hawaijui. NCAA hawaangalii tu tarehe ya kuzaliwa. Wanaangalia ulitakiwa umalize sekondari lini pamoja na wale ulioanza nao. Kuanzia tarehe hiyo, kwenye kikapu, una kama mwaka mmoja wa kukaa nje bila kuadhibiwa. Baada ya huo, kila mwaka unaocheza mashindano yaliyopangwa, ligi yenye ratiba, marefa na matokeo, wanaweza kukukata msimu mmoja kati ya minne uliyonayo. Na ukishajiunga chuo chochote kwa masomo ya muda wote, hata cha hapa hapa nyumbani, saa ya miaka mitano inaanza. Ni kweli kumekuwa na mvutano wa kuzibadilisha taratibu hizi, na kesi mahakamani haziishi, lakini huo ndio msingi ambao watu wamekuwa wakihesabiwa nao.

Ona hapo cheti cha uongo kinavyokugeuka. Umekata miaka miwili, sawa, lakini NECTA ina mwaka wako wa darasa la saba na mwaka wako wa kidato cha nne. Umri unasema una 16, vyeti vya shule vinasema ulimaliza miaka miwili iliyopita. Anayeangalia mafaili kule Marekani hahitaji kipimo chochote, anahitaji kikokotoo tu.

Kalenda yetu nayo ina shimo. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni miezi saba au nane, na kwa wengi ndio kipindi cha kukaa mtaani, kuendesha boda, kucheza ndondo za kikapu wikiendi. Kwa dogo mwenye mpango wa chuo, miezi hiyo ni ya kufuatilia makaratasi: kuwasiliana na kituo cha NCAA kinachokagua ustahiki, kuuliza kwa maandishi kama wao watahesabu kidato cha nne au cha sita kuwa ndio mwisho wa sekondari yake, na kulinganisha majina. Ndiyo, majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Emanuel, cha NECTA kinasema Emmanuel, pasipoti imeongeza jina la babu. Kwa mtu wa Nduruma huyo ni mtu mmoja. Kwa ubalozi wanaweza kuwa watatu.

Masomo pia. Mtihani wa SAT sio sharti tena la NCAA tangu 2023, watu wakafurahi, lakini masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3 kwa daraja la kwanza vipo. Hisabati imo. Hisabati yetu wenyewe mnaijua, kila mwaka watahiniwa wengi wanaondoka na F. Mkufunzi wa kumfundisha dogo hesabu ana maana zaidi kwake kuliko wakala wa kumpunguzia umri, na ni nafuu zaidi.

Na zile pesa za vyuo nilizozitaja? Msikimbilie kuzipigia hesabu. Mwafrika anaingia na visa ya mwanafunzi, na visa hiyo inabana sana kazi za malipo ndani ya Marekani. Zach Edey, yule mrefu wa Purdue aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo mara mbili, ni Mkanada, na alilalamika waziwazi kwamba pesa nyingi zilimpita kwa sababu ya visa. Huyo ni Edey. Fikiria wewe.

Kama mlango mkubwa umebana, kuna wa pembeni: vyuo vya miaka miwili. Tylor Ongwae wa Kenya alianzia Ranger College huko Texas, chuo ambacho wengi hawakijui, akapanda McNeese State, akacheza Ulaya kwa kulipwa, na Februari 2021 ndiye aliyefunga kikapu cha sekunde ya mwisho Kenya wakawafunga Angola. Hakuna NBA hapo, lakini kuna elimu, kuna mshahara, kuna heshima. Mimi ningekuwa mzazi wa dogo mrefu ningeanza kuulizia huko.

Dada zetu wasidhani nimewasahau. WNBA ina sheria yake: Mmarekani anasubiri mpaka mwaka anaofikisha 22 au amalize chuo, lakini mchezaji wa nje ambaye hakusoma chuo Marekani anaingia drafti mwaka anaofikisha 20. Kwa hiyo msichana wa kwetu akienda chuo cha Marekani anaweza kuchelewa kuingia kuliko akipitia Ulaya. Ila anatoka na shahada. Wazazi wengi wa huku nadhani watachagua shahada, na sitawalaumu.

Mdau aliyepitia njia hii, hasa aliyesoma chuo cha miaka miwili huko Marekani au aliyewahi kurekebisha jina RITA akafanikiwa, atupe utaratibu hapo chini. Na anayejua kocha yeyote wa Arusha mjini anayepokea madogo wa vijijini wikiendi bila kuwadai pesa ya usajili, aseme ni siku gani na saa ngapi, nauli ya kutoka huku tutachangishana.